Nikope benki ili mdogo wangu akasome Ujerumani?

Ndugu wasomaji,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kigoma, nina mke na watoto watatu. Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, amepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa maji katika chuo kikuu cha umma Ujerumani. Siku barua ilipokuja, nyumbani Ujiji ilisomwa mara tatu. Mama alilia, majirani wakapiga vigelegele. Tulifurahi zaidi kusikia kwamba vyuo vingi vya umma kule havitozi ada hata kwa mgeni, analipa mchango wa muhula tu.

Ugumu umeanzia kwenye viza. Kabla ya kuipata anatakiwa aweke yuro 11,904 kwenye akaunti maalumu iliyozuiwa, ziwe za kujikimu mwaka mzima. Kwa shilingi inapita milioni 30. Akishafika anatoa yuro 992 kwa mwezi, si zaidi.

Tukakaa kikao. Baba atauza nusu ya shamba la michikichi. Mama, ambaye ni mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi, atakopa kwenye kikoba chake. Zikabaki milioni 18, wote wakanigeukia mimi: nikope benki, nikatwe mshahara miaka sita. Nikikopa kiasi hicho nitabaki na ile theluthi moja ya mshahara ambayo kanuni hairuhusu iguswe, basi.

Baba anasema, "Pesa haiendi popote, mwanangu. Inalala tu benki." Nimemweleza mara mbili kwamba hailali, inaliwa. Kuna kodi ya chumba, chakula, na bima ya afya ambayo kule ni lazima. Mwezi wa 12 akaunti itakuwa tupu, na mimi nitakuwa na makato ya miaka mitano mbele yangu.

Mdogo wangu ananiambia, "Kaka, usiwe na hofu. Nitajibana, kila mwezi nitakutumia yuro 300." Namwamini, hajawahi kunidanganya. Ila toa 300 kwenye 992, zinabaki 692. Ataishi nazo kweli, kwenye baridi, peke yake? Anategemea kazi za muda, kwa kuwa mwanafunzi wa kigeni anaruhusiwa siku 140 kamili kwa mwaka au 280 za nusu siku. Lakini kozi yake ni ya Kiingereza, Kijerumani ndiyo kwanza anajifunza salamu. Na masomo ni miaka miwili. Akienda kuongeza kibali cha ukaazi ataulizwa tena fedha za kujikimu, na safari hiyo hatutakuwa na shamba la kuuza.

Nilimgusia ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani linalowalipia masomo wanafunzi wa kigeni. Kozi zao nyingi za mambo ya maendeleo zinataka mtu awe amefanya kazi angalau miaka miwili baada ya shahada ya kwanza, naye ana mwaka mmoja na miezi michache kwenye mradi wa maji. Nikamwambia avumilie, atimize miaka hiyo, ndipo aombe. Akainamisha kichwa, akasema, "Na nafasi hii ikipotea, kaka?" Sikuwa na jibu.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mimi mwenyewe nilisomeshwa chuo cha ualimu kwa mawese ya shamba hilohilo. Nikikataa, nitawatazamaje wazazi? Nikikubali, wanangu watakula nini miaka sita?

Wenzangu mliosoma kule, au mliopeleka ndugu, naomba mniambie ukweli: yuro 692 zinamtosha mwanafunzi katika mji mdogo? Kazi huchukua muda gani kupatikana kwa asiyejua lugha? Na baba nimwelezeje asione kwamba namwonea mdogo wangu choyo? Kikao kingine ni Jumapili, na fomu ya mkopo bado sijaisaini.

Mwalimu, Kigoma