Kasemaje Rubani? Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Salamu kutoka Ngamiani, Tanga.

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi yangu Pemba, kwenye harusi ya Wete. Tulipanda hizi ndege ndogo za injini moja, zisizo na mhudumu, rubani ndiye kila kitu. Injini imeshawashwa, inanguruma, ndipo akageuza shingo akatumiminia Kiingereza cha mbio. Mimi niliyekaa darasani miaka mingi niliambulia nusu. Shangazi akaniinamia: "Kasemaje?"

Nikamjibu: "Kasema tufunge mkanda."

Jibu hilo linanisuta mpaka leo. Rubani alikuwa ametaja milango, kizima moto na jaketi la kujiokolea. Nikayabana yote yakawa mkanda, kwa kuona haya kupiga kelele ndani ya ndege kama mpiga debe.

Na mkanda wenyewe ulimshinda. Shangazi anaujua wa gari, unaofunguka kwa kubonyeza. Wa ndege unafunguka kwa kuinua kile kibati cha juu. Tulipotua Pemba alibonyeza, akabonyeza tena, akaanza kuvuta, mpaka kijana wa kiti cha nyuma akamfungulia. Tulicheka sote, naye akacheka. Tulikuwa nchi kavu, hapana moshi wala maji.

Sasa fikiria mkondo wa Pemba, wenye kina cha mamia ya mita. Ndege hizi magurudumu yake hayakunjwi, kwa hiyo ikilazimika kutua baharini, magurudumu ndiyo yanayotangulia kukamata maji na ndege inaweza kupinduka. Abiria aliye kichwa chini, gizani, hana nafasi ya kuanza kujifunza kibati.

Hili la jaketi ndilo linalonitisha zaidi. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaanguka baharini kando ya Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Wengi walikuwa wamejaza majaketi yao upepo wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, majaketi yaliwainua hadi kwenye dari, wakashindwa kuzama kidogo tu ili wapite mlangoni. Jaketi hujazwa ukishatoka. Sentensi hiyo moja ina maneno matatu kwa Kiswahili, na shangazi yangu hakuipata kwa sababu mimi sikumwambia na rubani hakumwambia kwa lugha yake.

Hata Bukoba, Novemba 6, 2022, ndege ilipoingia ziwani na watu 43, 19 wakafariki, waliowahi kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Dakika za mwanzo ni za abiria mwenyewe na aliye jirani naye.

Kwenye ndege kubwa, kabla abiria hawajaingia, wahudumu hukutana na rubani, kisha kila mmoja anakagua sehemu yake: kizima moto, tochi, milango, majaketi. Kwenye hizi zetu kazi hiyo yote ni ya mtu mmoja, ambaye dakika tano nyuma umemwona akipanga mabegi. Simlaumu kwa kuchoka. Lakini nilipopapasa chini ya kiti changu, tukiwa tayari juu ya bahari, nilikuta mfuko wa jaketi mtupu. Tuliposhuka nikamwambia. Akasema, "Watu wanayachukua, mzee. Wavuvi wanayapenda." Nimezoeana na wavuvi wa Deep Sea, hapa Tanga, tangu utotoni, na sijapata kumwona hata mmoja amevaa jaketi la ndege. Wangevaa ningefurahi.

Usidhani kueleza abiria kwa Kiswahili hakuwezekani. Mwaka juzi nilisafiri njia hiyo hiyo na kampuni nyingine. Rubani, binti mdogo tu, alitukusanya chini kabla ya kupanda, injini kimya. Akashika jaketi mkononi, akalivaa, akaonyesha kamba ya kuvuta, akazungumza Kiswahili cha nyumbani. Bibi mmoja akauliza, "Na nikivuta lisijae?" Akaonyeshwa bomba la kupulizia kwa mdomo. Haikufika dakika tatu. Wazungu wawili tuliokuwa nao wakaelezwa kwa lugha yao baadaye, wala hawakununa.

Kanuni za kimataifa tunazozifuata zinataka abiria afahamishwe mkanda, milango na jaketi viko wapi na vinatumikaje. Kumfahamisha mtu kwa lugha asiyoijua ni kumsomea tu. Ninachoomba ni amri yako: kwa safari za ndani maelezo yatolewe kwa Kiswahili kwanza, chini, kabla ya injini kuwashwa, na jaketi lionyeshwe kwa mkono. Na wakaguzi wako wakate tiketi kama sisi, bila kitambulisho shingoni, wakae kiti cha nyuma na kupapasa chini yake.

Shangazi bado yuko Wete, atarudi Tanga kwa ndege mwezi ujao. Jana nilimfundisha mkanda kwa simu: inua, usibonyeze. Ameurudia mara tatu, kaweza. Kisha akauliza jaketi linakaaje mwilini. Hilo nilishindwa kumweleza, maana la mwaka juzi nililitazama tu, na safari hii langu sikuliona.

Wako,
Abiria wa kiti cha nyuma,
Ngamiani, Tanga