Wauza modyuleta, tuambieni redio ya Japani inaishia 90

Mhariri, asalaam aleikum, na wasomaji wenzangu wote nawasalimu. Mi ni dereva teksi hapa Tanga mjini, kijiwe chetu kipo Ngamiani, gari yangu ni Corolla 110 ile ya redio ya kaseti. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana kuna hili suala la kupiga muziki wa simu kwenye redio ya gari, watu wanaliwa hela zao kila siku na wengine redio nzima inang'olewa wakati tatizo lilikuwa dogo tu, na hakuna anaewaambia.

Mwaka jana nilinunua modyuleta, kile kidude unachochomeka kwenye tundu la sigara, kinashika simu kwa bluetooth au unakitia flashi, afu kinarusha muziki kwa mawimbi ya FM mpaka kwenye redio. Nilitoa shilingi 15,000. Muuzaji akanionyesha, unaweka namba hapa, 88.0, afu na redio nayo unaiweka 88.0, basi, muziki unatoka. Nikarudi kwenye gari nikafanya hivyohivyo. Kimya. Shhhh tupu. Nikajaribu 88.5, nikajaribu 89, shhhh. Nikakirudisha dukani akanibadilishia kingine, nacho vilevile, nikarudi tena mara ya tatu akaanza kunikunjia uso, akasema gari yako redio imekufa, nenda kaweke redio ya skrini, mi nakuuzia na fundi ninae hapahapa. Hata siku moja hakuniuliza gari yako ni ya wapi wala redio yako inasoma mpaka namba ngapi, na hakutoka nje kuiangalia wakati nilikuwa nimepaki mbele ya mlango wake.

Kidogo niingie mkenge. Nilikuwa nishaanza kutafuta hela ya hiyo skrini, ila bahati nzuri nikampakia mzee mmoja fundi redio wa siku nyingi, tukiwa njiani akaniona nahangaika na kile kidude akaniuliza kuna nini kijana wangu. Nikamueleza. Akasema paki pembeni. Akainama chini ya dashibodi upande wa abiria akapapasa papasa kwenye waya wa antena, akanivutia kijiboksi kidogo kama kiberiti, akasema unakiona hiki, hiki ni ekspanda, aliekuuzia gari alikiweka zamani, na ndo kinakuzuia.

Sasa hapa naomba wasomaji wanisikilize vizuri maana hii ndo kiini cha barua yangu. Magari yetu mengi yametoka Japani, na kule Japani redio FM zilikuwa zinaanzia 76 zinaishia 90, sisi huku tunaanzia 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo gari ikishuka bandarini redio yake haifiki kwenye stesheni zetu nyingi, inagota 90 basi. Ndo mafundi wanaweka ekspanda, ambayo kazi yake ni kuzishusha stesheni zetu ziingie kwenye namba ambazo redio ya Kijapani inazijua. Zipo za aina tofauti, hii yangu inashusha 20, yaani stesheni ya 100 mi naipata nikiweka 80. Mzee akachukua kalamu akaniandikia kwenye boksi la sigara: modyuleta 88, toa 20, inabaki 68. Akaniuliza redio yako ina 68? Haina, inaanzia 76. Akaandika tena: modyuleta 106.3, toa 20, ni 86.3. Akaweka modyuleta 106.3, redio akaweka 86.3, muziki ukatoka saa hiyohiyo.

Mhariri, sikuwa na la kusema. Vidude vyote vilikuwa vizima. Redio ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni mtu kuniuliza swali moja tu dukani.

Na wale ambao magari yao hayana ekspanda nao wana shida ya kwao ambayo pia hawaambiwi. Modyuleta inaanzia 87.5 na redio yao inaishia 90, kwa hiyo sehemu ambayo hivyo vitu viwili vinakutana ni ndogo mno, kutoka 87.5 mpaka 90 tu, wote tunabanana hapo. Njoo stendi ya Kange jioni mabasi yakiwa yanaingia, teksi na noah zimepangana bampa kwa bampa, kila mtu kaweka 88 kwa sababu ndo namba aliyoonyeshwa dukani. Vile vidude havina nguvu, vinafika mita chache tu, ila mkipaki ubavu kwa ubavu muziki wa mwenzio unaingia kwako. Kuna siku mwenzetu mmoja alikuwa anasikiliza Qur'ani, yupo mwezi wa msiba, kafiwa na mdogo wake, mara ikaingia singeli katikati ya aya. Aliizima redio akakaa kimya na mikono kwenye usukani. Yule wa singeli wala hakujua, yeye alikuwa anajipigia muziki wake ndani ya gari yake. Huyo ukimwambia tu sogeza namba iwe 89.4 na mwenzio awe 87.9 mambo yanaisha, lakini nani kamwambia?

Mi ilipokubali nilifurahi, ila furaha yangu haikudumu, maana namba ambayo mjini ni tupu ukitoka nayo barabarani unakutana na stesheni. Nikipita Muheza kuelekea Segera naanza kupata makelele, mtu anasoma taarifa ya habari juu ya wimbo, inabidi nibadilishe namba mbili, ya modyuleta na ya redio, huku naendesha na malori yanakuja mbele. Hiyo ni hatari, sitaki kuficha. Dereva mwenye abiria macho yake yanatakiwa yawe barabarani, sio kwenye kutoa 20.

Sasa nieleze kwanini jambo hili limenigusa mpaka nikashika kalamu. Mama yangu ni mtu wa taarab, taarab ya hapa Tanga, ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, ile ya enzi za mwimbaji marehemu Bi Shakila kabla hajaondoka mjini kwetu. Marehemu baba alikuwa ni mtu wa dansi, yeye na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, nazo zote bendi za hapahapa, kwa hiyo nyumbani kwetu kaseti zilikuwa za makabila mawili na zote ziliwekwa kwenye sanduku moja la bati. Nyingi zilirekodiwa kutoka redioni, zimeandikwa kwa mkono wa baba kwa wino wa bluu. Nilipopata gari ya kaseti nikasema mama atafaidi, nikachukua moja nikaitia, ikacheza kama dakika kumi afu sauti ikaanza kulegea, nikabonyeza ikatoka na utepe umebaki ndani umejisokota kwenye magurudumu. Raba ile inayovuta utepe imezeeka inanata. Mama alikuwa kiti cha mbele. Akasema tu, "Basi mwanangu, usiivute kwa nguvu." Nilitumia saa nzima na kibano cha nyusi cha mke wangu kuutoa ule utepe na bado ulikatika.

Baada ya hapo kijana wa dada yangu akazihamisha zilizobaki kwenye simu, moja moja, kwa deki la jirani, wiki mbili nzima. Ndo maana nilikuwa nataka hiyo simu isikike kwenye gari, sio kwa ajili ya kuwafurahisha abiria peke yake.

Yule mzee wa ekspanda ndo akanipa dawa. Akaniambia wewe una deki ya kaseti unahangaika na mawimbi ya nini, tafuta kaseti adapta. Ni kaseti tupu haina utepe, ina waya mkiani unaochomeka kwenye tundu la earphone la simu, na ndani yake ina kisumaku kidogo kinachokaa uso kwa uso na kile kichwa cha deki kinachosoma utepe, kinakipa sauti moja kwa moja kama vile kuna utepe unapita. Sasa cha ajabu, kwa kuwa hakuna utepe hakuna cha kuliwa, raba inate isinate haijalishi, mradi magurudumu yazunguke. Niliipata ya mtumba kwa shilingi 3,000. Elfu tatu! Nilikuwa nimeshaambiwa ning'oe redio.

Ina mambo yake lakini, nayasema ili mtu asije akairudisha dukani bure. Ukichaji simu kwenye tundu la sigara wakati huohuo umechomeka waya, utasikia mlio mwembamba unaopanda ukikanyaga mafuta na kushuka ukiachia, huo ni umeme wa gari unaingia kwenye sauti kupitia chaja, chomoa chaja utanyamaza. Sauti ya simu usiweke mpaka mwisho, weka kama robo tatu hivi afu iliyobaki ongezea kwenye redio, ukiijaza kwenye simu inapasuka. Na hakikisha kava la simu halizuii pini kuingia yote. Abiria mmoja alichomeka yake, gitaa na ngoma vinasikika kwa mbali kama vinatoka kisimani ila muimbaji hayupo kabisa, akasema spika zako mbovu, nikamwambia toa kava, akatoa, muimbaji akarudi. Wenye simu mpya zisizo na tundu inabidi wanunue kale kawaya ka kuunganishia kwenye tundu la chaji. Wenye redio za flashi, flashi ikigoma kusomwa usikimbilie kusema redio imekufa, redio nyingi za zamani zinataka flashi iliyofomatiwa kwa mfumo unaoitwa FAT32 na nyimbo ziwe za MP3, mpe kijana mwenye kompyuta aifomati upya ila kwanza atoe vitu vyako maana ikifomatiwa vinafutika.

Kuhusu hizo skrini, sisemi ni mbaya, mwenye hela na anaipenda aweke. Ninachopinga ni mtu kulazimishwa kwa uongo. Mwenzangu kijiweni aliambiwa hivyohivyo redio yake imekufa, akawekewa skrini, fundi akakata soketi ya gari kwa plaizi badala ya kutumia soketi ya kuunganishia, afu waya mwekundu na wa njano akazifunga pamoja kwenye umeme wa moja kwa moja. Wa njano ndo unatakiwa uwe na umeme muda wote kwa ajili ya kutunza kumbukumbu, mwekundu unatakiwa upate umeme ukiwasha swichi tu. Matokeo yake skrini hailali, inanyonya betri usiku kucha, wiki tatu kila alfajiri tulikuwa tunamwashia gari kwa betri yangu, na abiria wake wa alfajiri wa kwenda Kange walishahamia kwa wengine. Redio yake ya zamani aliiacha kwa fundi kama takataka. Siku mbili baadae ilikuwa inauzwa, inaimba.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye maduka ni jepesi. Mteja akija muulize, redio yako inaishia ngapi? Ina ekspanda? Ina tundu la aux la kuchomekea waya wa simu, ina kaseti, ina sehemu ya flashi? Mwache ajaribu kwenye gari yake kabla hajatoa hela, gari ipo hapo nje. Na wewe mhariri naomba gazeti lako litenge hata kipembe kimoja kwa wiki, fundi mwaminifu aeleze vitu kama hivi, maana magari ya Kijapani yamejaa na watu wake hawajui hata kwanini redio zinagota 90.

Juzi nilimpeleka mama Korogwe kwa mama mkubwa. Tulipoacha Pongwe na mkonge ukaanza huku na huku nikamuwekea simu, nimeshazipanga nyimbo kabla sijawasha gari ili nisiiguse njiani. Hakusema kitu mpaka tunaikaribia Muheza, akawa anaimba chini chini na kidole kinapiga kwenye mkoba wake, afu akaniambia hapa baba yako alikuwa akifika anazima, anasema sasa zamu yangu. Ikabidi nicheke na yeye akacheka.

Bado ile kaseti iliyoliwa na deki yangu haijahamishwa. Utepe umekatika sehemu moja, naweza kuuunga, ila deki la jirani nalo limeharibika mwezi uliopita na sitaki kuitia kwenye mashine nisiyoiamini. Kama kuna msomaji Tanga au Muheza au hata Pangani ana deki zima linalocheza bila kula utepe, naomba ajitokeze kupitia gazeti hili, nitakuja mwenyewe na mama, na gharama yake nitalipa.

Dereva teksi,
Ngamiani, Tanga.