Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2022: Miaka 50 Bila Edward Saidi Tingatinga

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na hamjambo nyote mliofika, pamoja na wazee wetu mlioketi pale mbele.

Kwa desturi taarifa hii huanza na mapato na matumizi. Leo hayo namwachia mweka hazina, atayasoma baada yangu na karatasi mnazo mikononi. Niseme tu kwamba watalii wameanza kurudi baada ya miaka miwili ya korona iliyotukausha, kodi ya banda imelipwa mpaka mwezi huu, na mwenye deni la ada anajijua, aje tuzungumze. Muda wangu uliobaki naomba niutumie kwa marehemu Edward Saidi Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha mtindo huu wetu wa picha. Mwaka huu imetimia miaka 50 tangu atutoke, na kamati tendaji iliamua mwaka mzima uwe wake.

Tunamwita Mzee Tingatinga, lakini alifariki akiwa na miaka 40. Wengi wetu humu ndani tumeshampita umri.

Alizaliwa mwaka 1932 Namochelia, ndiyo Nakapanya ya leo, wilayani Tunduru. Alitoka kama vijana wengi wa kusini walivyotoka, kwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kisha akaingia Dar es Salaam na kufanya kazi za nyumbani kwa Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Uhuru ulipokuja bwana yule akaondoka, naye akabaki na vibarua vya hapa na pale. Mwaka 1968, bila kukanyaga shule yoyote ya sanaa, akachukua kipande cha mraba cha ubao wa dari, hii tunayoiita silingibodi, akachukua rangi ya kung'arishia baiskeli, akachora. Picha zikauzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, walikokuwa wakinunua Wazungu. Wapo wanaosema aliwaona Wakongo wakitembeza picha zao mjini akasema hata yeye anaweza. Wengine wanasema mkono ule ulitoka kwao kusini, kwenye kuta za udongo zilizochorwa. Mimi sioni kwa nini yasiwe yote mawili.

Miaka minne tu, ndugu zangu. Kuanzia 1968 hadi 1972. Katika miaka hiyo alipata pia kazi hospitali ya Muhimbili, akachora jioni na siku za mapumziko, na akawafundisha jamaa zake: Simon Mpata, Kasper Tedo, Adeusi Mandu, January Linda na Ajaba Abdallah. Hakuwatoza ada. Walikaa naye, wakapaka rangi ya nyuma, wakajaza alichokwisha kuchora, mpaka siku mkono ulipokubali. Sisi sote tulifundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu aliyefundishwa hivyo. Kisha usiku mmoja wa mwaka 1972 alikuwa ndani ya gari na wenzake hapa mjini, polisi wakalidhania ni gari la wahalifu waliokuwa wakikimbia, wakapiga risasi. Akafa. Wanafunzi wake wangeweza kutawanyika, kila mtu akarudi kwenye kibarua chake. Walibaki pamoja wakiendelea kuchora, na mwaka 1990 ukaandikishwa ushirika unaobeba jina lake mpaka leo.

Sasa nieleze tulichofanya sisi.

Mwezi wa sita kamati iliwaomba wanachama waje siku moja wachore kama yeye. Masharti yalikuwa manne: silingibodi ya mraba, rangi ya kopo, mnyama mmoja, na nyuma yake rangi moja au mbili basi. Hakuna vidoa vya kujaza nafasi, hakuna Mlima Kilimanjaro, hakuna twiga kumi na mbili na jua linalozama. Niliamini ingekuwa kazi ya asubuhi. Tulimaliza kwa taa.

Mimi nilichora chui. Nimechora chui tangu ujana wangu, mkono unamjua hata nikiwa nawaza mengine. Lakini chui wangu wa kila siku anasimama katikati ya majani, ndege, maua na chui wenzake, na kosa la mgongo linafunikwa na jani. Siku ile hapakuwa na jani. Mstari wa mgongo ulikwenda kutoka shingoni mpaka mkiani ukiwa peke yake juu ya rangi ya njano, na kila mahali niliposita palionekana. Rangi hii nayo mnaijua: haikubali kurudiwa ikiwa mbichi, inaburuta ile ya chini. Lazima usubiri. Nilifuta bodi mbili. Ya tatu niliiacha kama ilivyo, na ninaweza kuwaonyesha kwa kidole mahali nilipoogopa.

Ndipo nilipoelewa kitu ambacho nilikuwa nakisema tu mdomoni kwa miaka yote. Tumezoea kusema yule mzee alichora vitu vyepesi na sisi tukaviendeleza. Si vyepesi. Mnyama wake anakutazama kwa macho yote mawili hata akiwa amesimama ubavu, miguu imekaa mahali ambapo mnyama wa kweli asingeiweka, na bado yuko hai. Silaumu tulivyobadilisha, mteja anataka picha iliyojaa, na watoto wanataka kula. Ila ninaomba kila mmoja wetu, kando ya picha za soko, awe anachora walau moja ya namna ile, ili mkono usisahau.

Jambo la pili ni jina, na hapa nitakaa kidogo.

Picha zake alizitia sahihi mbele, E. S. Tingatinga. Leo neno hilo limekuwa jina la mtindo, na mwenye duka humwambia mgeni, "Hii ni Tingatinga," kana kwamba picha imeota yenyewe. Wapo wanaoiga hata sahihi yake, wakauza kazi ya juzi kama ya mwaka 1970. Na sisi wenyewe tumechangia. Mwaka huu mwanachama mmoja kijana alikuta picha zake kumi zikiuzwa dukani, jina lake limefunikwa kwa rangi, kwa sababu mwenye duka alimwambia jina lisilojulikana linashusha bei. Alikubali kwa kuwa alikuwa na mgonjwa nyumbani. Simtaji, wala duka silitaji, lakini niliumia sana.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Hesabuni wenyewe: miaka hiyo kwa Tingatinga imetimia mwaka huu. Kulindwa kwa kazi zake kisheria kunafika mwisho, na hakuna tunaloweza kulibadilisha. Za kwetu bado tunaweza kuzilinda, lakini nani atalinda picha isiyo na mwenyewe? Kwa hiyo kamati inaleta azimio kwenu leo: kila picha inayotoka kwenye banda hili iwe na sahihi mbele, na nyuma yake iandikwe kwa kalamu isiyofutika jina kamili la mchoraji, mahali na mwaka. Mwenye duka asiyetaka, asinunue kwetu. Tumekubaliana pia kuwasaidia wanachama kusajili kazi zao COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, na katibu amebaki na fomu.

Tulikwenda pia makaburini Msasani kumwombea. Tulikuwa wachache kuliko nilivyotarajia, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, lakini waliokuja walisimama mpaka mwisho. Nawashukuru kwa moyo wote, hasa akina mama waliopika chai na maandazi na kuyabeba mpaka kule.

Mafunzo ya Jumamosi kwa watoto wa mtaani yameendelea, bila malipo, kama yeye alivyofanya. Tunahitaji silingibodi, hata vipande vilivyobaki kwenye ujenzi; mwenye fundi jirani amkumbushe. Brashi ndogo pia zinapungua.

Bodi zetu za siku ile ya mwezi wa sita zimetundikwa ukuta wa nyuma, na yangu ni ya tatu kutoka mlangoni. Mkitoka kwenda kunywa chai kabla ya kupiga kura, zigeuzeni msome migongo yake.