Barua kutoka Munich: utepe mweupe ndani ya damu

Mdogo wangu,

Shikamoo zangu ziwafikie baba na mama hapo Mbeya. Nimefurahi mno kusikia umepata nafasi ya mafunzo kwa vitendo maabarani. Umeuliza mtafiti wa kinga ya mwili anaanzia wapi. Anaanzia kwenye tyubu ya damu. Shahada, uzamili na uzamivu vitakula miaka yake, lakini mkono unaotenganisha seli nyeupe bila kuziua utakufaa tangu wiki ya kwanza.

Kanuni yake unaijua tangu jikoni. Maharage yakiloweshwa, yaliyotobolewa na wadudu huelea, mazima huzama. Damu nayo huchambuliwa hivyo hivyo. Chukua damu yenye heparini, dawa inayoizuia isigande, uichanganye nusu kwa nusu na PBS, yale maji ya chumvi ya maabara. Kwenye tyubu ya ml 50 tanguliza ml 15 za Ficoll, kimiminika kizito kuliko seli nyeupe tunazozitafuta lakini chepesi kuliko seli nyekundu; ml 1 yake ina gramu 1.077. Inamisha tyubu, ncha ya pipeti iguse ukuta, kisha ml 30 za damu ziteremke taratibu. Hapa ndipo wengi huharibu. Ukiminya pipeti kwa pupa, damu hutoboa Ficoll, vikachanganyika, na kazi imekwisha kabla ya mashine kuwashwa. Mpaka kati ya damu na Ficoll uonekane umenyooka kama uliokatwa kwa wembe.

Zungusha kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha tyubu kwa kasi, kwa 400 g (yaani mara 400 ya nguvu ya uvutano wa dunia), dakika 30, nyuzijoto 20, breki ikiwa imezimwa. Breki ikifanya kazi, mashine husimama ghafla na tabaka hutibuka. Hiyo g usiichanganye na mizunguko kwa dakika. Mashine yenye nusu kipenyo cha sm 17 hufikia 400 g kwa mizunguko 1,450 hivi; yenye sm 10 huhitaji kama 1,890. Usinakili namba ya mashine ya jirani.

Na baridi ya Juni na Julai huko kwetu uiangalie. Ficoll iliyotoka tu kwenye friji ni nzito zaidi, kwa hiyo seli ambazo zingezama hubaki juu na kuchafua utepe wako. Itoe mapema, ipate joto la chumba, na kama chumba chenyewe ni baridi, kipashe.

Mashine ikisimama utaona plazma ya manjano juu, chini yake utepe mwembamba kama ukungu, kisha Ficoll, na nyekundu chini kabisa. Limfosaiti na monosaiti, seli nyeupe tunazozitafuta, ziko kwenye utepe huo. Unyonye kwa kuzungusha ncha ukutani, bila kuchota Ficoll nyingi. Osha mara mbili kwa PBS, 300 g, dakika 10, kisha hesabu kwa rangi ya tripani: seli iliyokufa huwa buluu, iliyo hai hubaki haina rangi. Kwa mtu mzima mwenye afya, tarajia seli milioni 1 hadi 2 kwa kila ml ya damu kabla ya kuchanganywa na PBS.

Ukizigandisha, tumia seramu asilimia 90 na DMSO, kemikali inayokinga seli zisiharibiwe na barafu, asilimia 10, na joto lishuke nyuzi 1 kwa dakika hadi -80, kisha uzihamishie kwenye nitrojeni ya kimiminika. DMSO ni sumu kwa seli zikiwa bado na joto, kwa hiyo baada ya kuitia usiende kunywa chai.

Hapo Mbeya pamefanyika majaribio ya chanjo ya VVU, TaMoVac la Tanzania na Msumbiji likiwemo, ndiyo maana nakusisitizia haya. Kwenye kipimo cha ELISpot, kinachohesabu seli zinazoitikia chanjo, kila kishimo hupokea seli 200,000 hivi, na kila seli inayotoa interferoni gama, protini ambayo seli za kinga hutoa zikiamshwa, huacha doa lake. Seli zilizokufa mikononi mwako haziachi doa, na anayesoma matokeo atadhani chanjo ndiyo iliyoshindwa.

Kesho pima nusu kipenyo cha sentrifuji yenu, kutoka katikati hadi kitako cha tyubu, uniandikie. Nitakukokotolea mizunguko yake.

Ndugu yako