Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Kuwaombea Wauzbeki Katika Mwezi wa Ramadhani

Ndugu wanachama, Bwana asifiwe.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na mabadiliko ya viongozi wa vikundi yamo kwenye muhtasari wa katibu. Taarifa hii inahusu kazi yenyewe: kuwaombea Wauzbeki katika mwezi wao wa mfungo, kwa namna ambayo haitamponza hata mmoja wao.

Mwaka huu Ramadhani ilianza Uzbekistan Jumamosi, 1 Machi, na Idi ikawa 30 Machi. Kwa kuwa Jumatano ya Majivu ilikuwa 5 Machi, mfungo wao na Kwaresima yetu vilikwenda pamoja karibu mwezi mzima.

Naanza na saa, maana zamu nyingi za maombi huharibikia hapo. Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, iko mbele ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa mbili. Mwanzoni mwa Machi jua huzama kule kama saa 12:20 jioni, yaani saa 10:20 kwetu. Mwishoni mwa mwezi ni karibu saa 10:50 kwetu. Wanachama wa Kigali, Bujumbura na Goma wapunguze saa moja, walioko Muscat na Dubai waongeze saa moja. Anayesubiri adhana ya magharibi ya mtaani kwake ndipo aombee futari ya Wauzbeki huwa amechelewa kwa saa mbili na zaidi: kule wamekwisha kula, na wanaume wengi wako msikitini kwenye tarawehe. Daku nayo hukoma kama saa 9:40 usiku kwa saa zetu mwanzoni mwa Machi, na kabla ya saa 9 mwishoni. Nukus, kule magharibi, jua huzama kama dakika 40 baada ya Tashkent ingawa saa ya ukutani ni ileile.

Saa 10:20 jioni walio wengi bado wako kazini au njiani. Ndiyo maana zamu ya futari ni ya dakika 10 tu, na hupewa mtu mmoja mmoja. Mkesha wa kikundi unafaa zaidi usiku wa 27 wa Ramadhani, ambao mwaka huu uliingia jioni ya 26 Machi. Usiku huo Wauzbeki wengi hukesha wakimwomba Mungu msamaha na uongozi. Tuombe wakati huohuo, na tuombe kwa heshima. Lugha ya vita, ya kubomoa na kuteketeza, haina nafasi katika kijitabu chetu. Anayefunga tangu alfajiri kwa kumcha Mungu si adui wa mtu.

Kuhusu wanaoombewa, tuwe makini. Uzbekistan ina watu zaidi ya milioni 37, lakini si wote Wauzbeki. Samarkand na Bukhara zina wasemaji wengi wa Kitajiki, na Wakarakalpak wa Nukus ni watu wenye lugha yao, iliyo karibu zaidi na Kikazaki. Upande wa pili, mamilioni ya Wauzbeki wako nje ya nchi hiyo: kaskazini mwa Afghanistan katika mikoa kama Jowzjan na Faryab, Tajikistan, na Osh nchini Kirgizstan, ambako mapigano ya Juni 2010 yaliua mamia ya watu. Herufi za kuandikia nazo hutofautiana. Wazee wa Uzbekistan husoma herufi za Kisirili, kama za Kirusi, vijana wamesomeshwa kwa herufi za Kilatini, na Wauzbeki wa Afghanistan hutumia herufi za Kiarabu. Anayetaka kuchangia machapisho lazima kwanza aulize yanamwendea nani. Agano Jipya la Kiuzbeki lilitoka miaka ya 1990, na Biblia nzima ikafuata 2016.

Sasa sheria, ambayo ndiyo inayowatia watu mashakani. Sheria ya dini ya 1998 ilibadilishwa na ile iliyotiwa saini Julai 2021. Idadi ya waanzilishi wanaotakiwa ili kusajili kusanyiko ilishuka kutoka 100 hadi 50, wote wakiwa raia na watu wazima. Makatazo makubwa yalibaki: shughuli ya dini bila usajili ni kosa, kufundisha dini nyumbani ni kosa, na umisheni na kumshawishi mtu abadili dini ni kosa. Machapisho ya dini hayaingizwi wala kugawiwa kabla ya kukaguliwa na Kamati ya Masuala ya Dini. Yaliyo kwenye simu nayo yamo katika hesabu hiyo. Adhabu huanza na faini. Kosa likirudiwa laweza kuwa la jinai, na mgeni hufukuzwa nchini.

Hapo mtaelewa kwa nini kamati haikukubali pendekezo la kutuma kikundi cha kugawa vitabu. Mgeni hupanda ndege akaondoka; mwenyeji aliyempokea ndiye anayebaki kuhojiwa, tena mbele ya kamati ya mtaa, mahalla, inayojua kila nyumba inaingiwa na nani. Anayesafiri kwa utalii au kazi na aombe kimya anapotembea. Asipige picha ibada ya nyumbani, asibebe orodha ya majina, wala asitume ujumbe wa sauti unaotaja kijiji. Kwenye makundi yetu ya WhatsApp tunataja mkoa tu, na jina hatulitaji hata likiwa la kubuni, kwa sababu jina la kubuni likiandamana na kazi ya mtu na mji wake halimfichi.

Tukumbuke pia kwamba mkono wa serikali umewaangukia Waislamu zaidi kuliko Wakristo. Wakati wa utawala wa Islam Karimov, rais wa kwanza wa Uzbekistan, maelfu walifungwa kwa sababu ya dini. Gereza la Jaslyk, lililojulikana kwa mateso, lilifungwa 2019. Familia za waliofungwa ziwemo katika maombi.

Uzito wa Ramadhani kwa Mkristo wa Kiuzbeki uko nyumbani. Mke anayepika daku anajua nani hakufunga. Baadhi ya waumini huketi kwenye futari ya wazazi kwa heshima, wakamega mkate na kupokea chai bila ubishi, na wengine huona hiyo ni kuficha imani. Kijitabu chetu hakiamui. Linaloumiza zaidi ni mazishi: kumekuwa na visa vya waumini kunyimwa kaburi katika makaburi ya kijiji. Kwa wengi Ukristo ni dini ya Warusi. Ni kweli kwamba Waorthodoksi wa Kirusi ndio wengi, wakiwapo pia Waarmenia na Wakorea waliohamishiwa huko na Stalin 1937. Hata hivyo Samarkand ilikuwa na askofu mkuu wa Kanisa la Mashariki, kanisa la kale lililotumia lugha ya Kisiria, karne nyingi kabla ya Warusi kufika, na karibu na mji huo, Urgut, maandishi ya Kisiria bado yamo kwenye miamba.

Walioko miji yenye wahamiaji wa Kiuzbeki wanaweza kuwaalika kufuturu. Tende na maji kwanza, kisha supu ya moto, mkate, pilau ya kondoo na chai ya kijani. Nyama iwe halali, na sufuria isiwe imewahi kupika nguruwe. Mkate haugeuzwi juu chini wala hauwekwi sakafuni. Mzee akiinua mikono kwa dua baada ya chakula, ngojeni amalize. Mgeni akiuliza mnaamini nini, mjibuni. Asipouliza, chakula chenyewe kinatosha.

Ramadhani ya 2026 inatarajiwa kuanza 18 au 19 Februari, sambamba na Jumatano ya Majivu, 18 Februari. Futari ya Tashkent itaanzia kama saa 10:05 kwa saa zetu. Idi itaangukia karibu 20 Machi, na Navruz, sikukuu ya mwaka mpya wa jadi, ni 21 Machi, kwa hiyo sumalak, uji wa ngano iliyochipuzwa ambao wanawake huukoroga usiku kucha, utapikwa watu wakiwa bado kwenye Idi. Siku hizo jamaa wote hutembeleana, hasa nyumba zilizofiwa mwaka huo, na muumini aliyekuwa akijitenga hana pa kujificha. Zamu zitaendelea hadi 23 Machi badala ya kukoma siku ya Idi.

Majina ya zamu za daku yamfikie katibu kabla ya 31 Januari. Walioko Goma na Bujumbura waandike saa zao wenyewe, katibu atazigeuza.