Aliyehamishwa shule hakuwa mwanangu

Mhariri,

Nimesoma barua za wasomaji wako kuhusu uonevu miongoni mwa watoto. Wazazi wanawalaumu walimu, walimu wanawarudishia wazazi, na wapo wanaolaumu simu. Bado sijaona barua ya mzazi ambaye mwanawe ndiye aliyekuwa akiwaonea wengine. Naiandika mimi.

Mwanangu alikuwa na miaka 11. Nilipoitwa shuleni nilikwenda nikiwa nimeshajipanga kumtetea. Mwalimu wa darasa akanieleza kwamba kwa karibu muhula mzima, mwanangu na wenzake wawili walikuwa wakimdhihaki mwanafunzi mwenye kigugumizi. Walimtungia jina, wakamwigiza kila aliposoma kwa sauti, wakamfichia madaftari, na aliyethubutu kukaa naye walimtenga pia. Nikajibu kwa maneno yanayoniuma hadi leo: "Si utani wa watoto tu, mwalimu?" Kisha nikauliza huyo mtoto mwingine naye alikuwa amefanya nini.

Hatua zikachukuliwa. Mtoto aliyeonewa alihamishiwa dawati jingine. Akaambiwa awapuuze. Wakati wa mapumziko akaruhusiwa kubaki maktaba, kwa usalama wake. Mwishoni mwa mwaka wazazi wake wakamhamisha shule. Mwanangu alibaki kwenye dawati lake na kucheza uwanja uleule, nami nikajiambia yameisha.

Tunapobishana nani anawajibika, naona tuache kwanza kusikiliza maneno, tuangalie ni nani aliyelazimika kubadilika. Hapa alibadilika mtoto mmoja tu, naye ni yule asiye na kosa. Sisi watu wazima tuliokuwa na uwezo wa kubadili chochote, hakuna aliyebadilisha hata ratiba yake.

Niliambiwa na ndugu yangu kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nilikasirika, kwa sababu sikuwahi kumfundisha mwanangu kuonea mtu. Lakini nilipotulia nikakumbuka jinsi tunavyoburudika nyumbani. Tunaigiza watu: jirani anavyotembea, shangazi anavyong'ang'ania neno moja, mgeni anavyokula. Mwanangu ndiye fundi wa kuigiza, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia, "Hebu rudia." Kumbe alishaniigizia hata yule mwanafunzi, mbele yangu, nami nikacheka bila kuuliza ni nani. Siwezi kusema sikujua. Nilionyeshwa, nikapiga makofi.

Shule nayo ilikosea, na ninasema hivi bila nia ya kujipunguzia mzigo. Iliwaita watoto wote wanne, ikawapeanisha mikono na kuwataka wasameheane, kana kwamba walikuwa wamegombana. Dan Olweus, mtafiti aliyeanza kuchunguza jambo hili huko Skandinavia miaka ya 1970, aliutofautisha uonevu na ugomvi kwa mambo matatu: una nia ya kuumiza, unarudiwarudiwa, na anayeumizwa hana nguvu sawa na wanaomuumiza. Watatu dhidi ya mmoja ambaye maneno yake hukwama mdomoni, hapo pana kitu gani cha kupatanisha? Mtoto yule alilazimishwa kuwapa mkono watu waliokuwa wakimtesa, na bila shaka alielewa kwamba kwetu sisi wakubwa yeye na wao walikuwa na kosa sawasawa.

Huko Norway, wavulana watatu walijiua mwishoni mwa mwaka 1982, na uonevu wa wenzao ukatajwa kuwa chanzo. Mwaka uliofuata serikali ilianzisha kampeni ya nchi nzima. Katika shule za Bergen alizozifuatilia Olweus, uonevu ulipungua kwa karibu nusu ndani ya miaka 2. Kinachonigusa ni kwamba sehemu kubwa ya kazi walipewa watu wazima: walimu kusimamia uwanja wakati wa mapumziko, kila darasa kuwa na kanuni zinazojulikana, wazazi wa pande zote kuketi na shule. Tangu 2017 sheria ya nchi hiyo inamtaka kila mfanyakazi wa shule anayeshuku kwamba mwanafunzi anaonewa aingilie kati na kumjulisha mkuu wa shule.

Wapo watakaouliza kuhusu watoto waliokuwa wakitazama. Nilimuuliza mwanangu kwa nini hakuacha, akasema, "Kila mtu alikuwa anacheka." Watafiti wa Kanada walioweka kamera na vinasa sauti katika viwanja vya shule walikuta kwamba katika matukio 88 kati ya 100 walikuwapo watoto wengine, lakini walioingilia kati ni katika 19 tu. Walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Kwa hiyo watoto wanaweza. Ila mtoto atapata wapi ujasiri wa kusema "acheni" ikiwa anamwona mwalimu akipita kando, na nyumbani mzazi wake anacheka?

Baadaye nilikwenda kwa wazazi wa yule mtoto pamoja na mwanangu. Mama yake alitusikiliza akiwa amesimama mlangoni. Hakufoka. Alisema tu kwamba hata katika shule mpya mwanawe hakubali kusoma kwa sauti. Njiani mwanangu alilia, nami sikumbembeleza haraka kama nilivyozoea.

Nina ombi moja kwa walimu wanaosoma gazeti hili. Mwalimu yule alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa ameyaona mambo haya wiki nyingi kabla sijaitwa. Alisita kwa kuwa wazazi wa aina yangu huja juu. Basi tuiteni wiki ya kwanza, na wa kuhamishwa dawati awe mtoto wetu. Tutabisha, tutadai mnamchukia mtoto, pengine tutatishia kwenda kwa wakubwa wenu. Tuiteni hivyo hivyo.

Mzazi