Msimfungie mwigizaji ndani ya koti moja

Bwana Mhariri,

Mwandishi wa ukurasa wenu wa utamaduni alikuja kutazama mchezo wetu hapa mtaani Kamalondo, Lubumbashi, kisha akaandika kwamba papa mmoja (ndivyo tunavyowaita wanaume wazima hapa), anayejulikana mji mzima kwa kuigiza mlevi wa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, hakupaswa kupewa sehemu ya Shylock, mkopeshaji fedha Myahudi katika Mabepari wa Venisi ya Shakespeare. Sababu yake: alipoingia tu, ukumbi ulicheka. Mimi ndiye ninayeshona nguo za kundi hilo. Mwili wa papa huyo nimeupima kwa mita yangu kuliko mtazamaji yeyote, kwa hiyo naomba nafasi nijibu.

Akicheza mlevi, hudai koti linalomzidi, mabega yakining'inia, na suruali yenye mguu mmoja mfupi. Mwili wote hulegea humo, na watoto huanza kucheka kabla hajafungua kinywa. Safari hii koti hilo alilikataa. Alitaka kanzu nyeusi ndefu, yenye mfuko wa ndani wa kutia kisu. Nilipomjaribisha, akaniomba nibane zaidi mabegani. Akasema, "Mama, huyu mtu hajalegea hata siku moja." Nikabana. Ndiyo, alipoingia walicheka, maana walikuwa wakimtafuta mlevi wao. Walicheka tena katika ile kesi ambapo Shylock anadai ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake, alipoinama kunoa kisu kwenye soli ya kiatu. Yeye akaendelea kunoa, hakuwatazama. Wa viti vya mbele wakanyamaza kwanza. Vijana wa nyuma walichelewa, lakini nao wakanyamaza.

Naelewa mazoea ya watu wetu yanatoka wapi. Teatre ya Kiswahili ya Lubumbashi imelelewa na kundi la Mufwankolo, na wale hawakuwa na maandishi ya kukariri. Walikubaliana kisa, kila mmoja akatafuta maneno yake palepale. Ukicheza hivyo, unamchukua mtu wako kutoka kisa hadi kisa, na mwishowe jina la jukwaani linameza jina ulilopewa na wazazi. Ni ufundi mkubwa, simdharau yeyote. Lakini Mabepari wa Venisi, aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere na kuchapishwa mwaka 1969, ina maneno yaliyokwisha kuandikwa, na hayo maneno hayamjui papa wetu wala sifa zake za Kamalondo. Hapo mwigizaji ndiye wa kuyafuata.

Na huyu Shylock mwenyewe amebadilishwa nguo mara ngapi! Kiongozi wa kundi letu, mwalimu wa Kifaransa, alitueleza kwamba London zamani alichezwa ili watu wacheke. Mwaka 1741 mwigizaji Charles Macklin akamfanya wa kutisha. Tarehe 26 Januari 1814, pale ukumbi wa Drury Lane, mwigizaji Edmund Kean akaziacha nywele nyekundu zilizozoeleka, akaingia na nyeusi, na watazamaji wakaanza kumwonea uchungu. Maneno ni yaleyale.

Kean huyo alianguka jukwaani mwaka 1833 akicheza Othello, jemadari mweusi wa mchezo mwingine wa Shakespeare, katika ukumbi wa Covent Garden, London. Wiki chache baadaye sehemu hiyo ilishikwa na Ira Aldridge, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1807. Kuna magazeti ya London yaliyomshambulia kwa rangi yake. Akaondoka, akazunguka Ulaya mpaka Urusi, akafia Łódź mwaka 1867. Alicheza Macbeth, Lear, na Shylock pia, akijipaka uso weupe. Lakini ninalotaka mwandishi wenu alisome mara mbili ni hili: mara nyingi, usiku uleule alipomaliza kufa akiwa Othello, Aldridge alirudi jukwaani akiwa Mungo, mtumishi wa kuchekesha anayelewa na kutapatapa. Mlevi na jemadari, mwili mmoja, tiketi moja. (Aliyekuwa akimbadilisha nguo kati ya hapo, namhurumia.)

Sisemi kila mtu anaweza kila kitu. Molière, mwandishi na mwigizaji wa Kifaransa, alitamani sana kuwa mwigizaji wa tanzia, na Paris haikumkubali. Wakamtaka wa kuchekesha, na alikuwa akichekesha mpaka usiku wa kufa kwake mwaka 1673. Lakini alipewa jukwaa akajaribu. Kwetu papa angekatazwa kabla ya mazoezi ya kwanza, kwa sababu tu sokoni watu wanamwita kwa jina la mlevi.

Nafasi zenyewe za kujaribu ni chache. Lile jengo kubwa la teatre la enzi za Wabelgiji liligeuzwa kuwa la vikao vya Bunge la jimbo, ambako waigizaji pia hawakosekani, na sisi tunapanga ukumbi wa parokia kati ya harusi mbili. Ndiyo maana naomba waandishi wenu, wanapomtaja mwigizaji, wataje na sehemu nyingine alizocheza, wasimalizie kwenye jina la utani.

Jambo la mwisho. Kijana wetu wa mlangoni ananiambia mwandishi wenu aliondoka umeme ulipokatika, yaani kabla ya kesi. Sisi tuliendelea kwa taa za simu. Tutarudia mchezo huu kiangazi. Akija, aniulizie mimi nyuma ya pazia, nitamtafutia kiti cha mbele.

Mshonaji wa nguo za jukwaani,
Kamalondo, Lubumbashi